Bila Riba Si Bure: Tusomeje Habari za Benki ya Kiislamu?



Tukitoka swala ya Ijumaa hapa Old Kampala, mazungumzo mara nyingi huishia kwenye pesa: ada, kodi ya chumba, mtaji. Mwaka 2016 sheria ya taasisi za fedha ya Uganda ilirekebishwa ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Benki Kuu ikaipa leseni Salaam Bank, ya kwanza nchini. Majirani walitutangulia: Kenya mwaka 2008, na Tanzania ikapata Amana Bank mwaka 2011.

Tangu hapo tunasikia maoni ya aina mbili. Wengine husema, “Ni mikopo ya bure.” Wengine husema, “Ni riba ileile, imevishwa kanzu.” Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Basi tuchunguze.

Msingi

Katika Suratul Baqara, aya ya 275, Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Hakuharamisha faida. Swali letu basi ni hili: faida imetokana na nini?

Mfano wa murabaha

Tuseme dada mmoja anasoma huku akishona nguo, naye anahitaji cherehani ya shilingi 1,200,000. Benki inainunua, inaimiliki, kisha inamuuzia kwa 1,440,000, alipe 120,000 kila mwezi kwa miezi 12. Anaambiwa wazi kuwa faida ya benki ni 240,000.

Kwa hiyo anayesema “bure” amekosea. Huenda hata mkopo wa riba ukagharimu kiasi hichohicho. Lakini anayesema “ni yaleyale” naye ameharakisha. Vipande viwili vya nyama buchani vinaweza kuwa na uzito mmoja na bei moja, kimoja kikawa halali na kingine haramu. Tofauti iko katika namna ya kuchinja, si kwenye mizani.

Mambo matatu ya kukagua

1. Je, benki ilimiliki bidhaa kabla ya kuiuza? Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Cherehani ikiharibika kabla ya kukabidhiwa, hasara ni ya benki.

2. Je, bei imefungwa? Mteja akichelewa, deni lisiongezeke kwa faida ya benki. Kama kuna faini ya ucheleweshaji, iende kwenye sadaka.

3. Je, ni bidhaa kweli? Ukipewa fedha taslimu mkononi ili urudishe zaidi, jina la Kiarabu juu ya karatasi halibadilishi kitu.

Ndugu yangu, dada yangu, anayesoma “bure” akatia saini bila kupiga hesabu anaweza kushindwa kulipa. Anayesoma “riba ileile” akakata tamaa anaweza kuishia kwa mkopeshaji wa riba ya wazi. Wote wawili wameumizwa na habari isiyochunguzwa, na huenda ni sisi tuliowatumia.

Maswali ya darsa

- Soma Suratul Baqara, aya ya 282. Kwa nini deni liandikwe?
- Tafuta habari moja ya benki iliyotoka wiki hii. Je, mwandishi ameeleza mkataba, au ametaja jina tu?

Wallahu a'lam.