Sikiliza Gari Kabla ya Kumlipa Fundi



Kikundi kikichanga pesa na kununua pikapu, hiyo gari ni kama ng'ombe wa maziwa. Ikilala, wote wanalala njaa. Hapa Kinna gari hupeleka mbuzi sokoni Isiolo, huleta unga kutoka Maua, hubeba mazao ya mashamba ya Rapsu. Na kuna usiku ambao hubeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Usiku huo si wakati wa kugundua kwamba gurudumu linataka kung'oka.

Jambo la kukumbuka ni hili: mara nyingi gari haifi ghafla. Hulia kwanza. Mchungaji mzuri husikia ngamia akikohoa akajua kuna shida. Gari nayo ni hivyo hivyo.

KOSA TUNALOFANYA

Tazama mfano huu. Mweka hazina wa kikundi amefika gereji.

Mweka hazina: "Fundi, gari yetu inapiga kelele. Nafikiri ni beringi imekwisha."

Fundi: "Sawa mama, leta pesa tununue beringi."

Beringi inanunuliwa, inafungwa, pesa inakwisha. Kelele iko pale pale! Kumbe lilikuwa ni jiwe dogo limekwama kati ya diski ya breki na bati lake la kuzuia vumbi. Kulitoa ni kazi ya dakika chache. Sasa nani amekosa? Fundi alifanya alichoambiwa, ingawa angepaswa kupima kwanza. Sisi nasi tulitaja spea badala ya kueleza sauti.

MASWALI MATATU

Kabla ya kwenda gereji, dereva ajibu maswali haya na kuyaandika katika daftari la gari:

1. Lini? Asubuhi injini ikiwa baridi, au ikishapata moto? Ukikata kona, ukishika breki, ukibadilisha gia, au ukipita kwenye mashimo?

2. Wapi? Mbele au nyuma, kulia au kushoto, juu kwenye injini au chini?

3. Ya namna gani? Inavuma, inagonga, inakwaruza au inapiga filimbi? Usione haya kuiga sauti kwa mdomo. Fundi mzuri ataelewa.

Kisha fanya jaribio hili. Simamisha gari, vuta hendibreki, weka gia huru, kanyaga mafuta kidogo kidogo. Kama sauti iko na inafuata mafuta, tafuta kwenye injini na vitu vinavyozungushwa nayo. Kama inatokea gari ikitembea tu, tafuta kwenye magurudumu, breki, springi na propela. Jaribio hili hupunguza kazi ya fundi.

SAUTI NA MAANA YAKE

Filimbi kali asubuhi ukiwasha gari. Mara nyingi ni fenibelti iliyolegea au kuzeeka. Zima injini, bonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukibonyea sana, umelegea. Katika magari mengi mkanda huo huzungusha pampu ya maji pia, na ukikatika kwa joto letu la Kinna, injini itachemka haraka.

Kuvuma kunakoongezeka na mwendo. Hapa beringi ya gurudumu inashukiwa. Ukikata kona kulia, uzito huenda kushoto. Kuvuma kukizidi, anza kupima upande wa kushoto. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwite fundi. Kwanza weka mawe kwenye magurudumu mengine na gogo imara chini ya chesi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tak-tak-tak ukikata kona. Kwa magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, angalia jointi za ekseli. Ukiona mpira wake umepasuka na grisi imemwagika, vumbi limeshaingia.

"Tung!" ukiachilia klachi. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, angalia krosi za propela. Pengine zimekosa grisi muda mrefu, sindio?

Kugonga kwenye mashimo. Inaweza kuwa bushi, shokabu, au bolti za springi zilizolegea. Barabara zetu za changarawe zenye mawimbi hulegeza kila kitu. Shika spana mapema, kabla ya kununua chochote.

SAUTI ZA KUSIMAMA PAPO HAPO

Ziko tatu, na hazingoji kufika nyumbani:

1. Injini inagonga kwa sauti nzito chini, au taa ya oili inawaka. Zima. Pima oili. Ukiendelea, injini itanoki, na bei ya injini unaijua. Dizeli ina kugonga kwake kwa kawaida. Dereva aijue sauti ya kila siku ili atambue iliyobadilika.

2. Breki inakwaruza chuma kwa chuma. Pengine ni lile jiwe, pengine pedi zimekwisha. Usikisie, fungua uone. Mteremko wa kutoka Maua kuja huku ni mrefu, na breki haina huruma. Mteremko ushuke kwa gia ndogo, wala usiweke gia huru ili kuokoa mafuta.

3. Gurudumu linagonga na usukani unatikisika. Kaza nati zote. Kama tairi lilibadilishwa juzi, kaza tena baada ya safari ya kwanza.

UKIFIKA GEREJI

Mwambie fundi: "Inavuma mbele kushoto, nikipita kilomita arobaini, ikizidi nikikata kona kulia." Kisha mwombe mwende pamoja mjaribu gari, yeye asikilize. Yuko fundi anayeweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini sikioni. Huyo ni kama daktari anayesikiliza kifua. Wewe ukisimama karibu, kunja kikoi au leso isinaswe na mkanda.

Patana bei kabla ya kazi. Omba risiti ya spea. Mwambie akurudishie spea ya zamani uione. Fundi mwaminifu hatakasirika. Na fundi akikwambia, "Bado sijajua, niachie nipime," usimdharau. Huyo ni afadhali kuliko anayetaja spea kabla hajafungua boneti.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gari letu lililala mara ya mwisho lini? Lilikuwa limelia kabla? Nani alisikia akanyamaza?

2. Je, dereva wetu anaogopa kuripoti kelele kwa sababu tutamlaumu? Tufanyeje asiogope?

3. Nani atapima oili na maji kila asubuhi, na nani atatunza daftari?

4. Tuweke akiba ya kiasi gani kila safari kwa ajili ya matengenezo?

Kabla ya kufunga mkutano, wote mtoke nje. Dereva awashe gari, mnyamaze dakika moja msikilize. Mkiijua sauti ya gari likiwa zima, siku likiugua hata mtoto atawaambia.