Nywele Kwenye Kidevu cha Mama: Homoni Zinasema Nini?



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia, viatu na kamba. Somo la leo ni la aina nyingine, ijapokuwa nalo limeanzia kazini, kwenye barakoa ya vumbi.

Kanuni mnaijua. Atakayevaa barakoa ya kubana mahali pa kusaga mawe anyoe ndevu kwanza, kwa sababu vumbi linapenya kati ya mpira na nywele. Siku ile tulipopima barakoa kwenye depo ya Goma, za mama wawili zilivuja. Wanaume watatu wakacheka. Mama wa kwanza alikuwa na vishina vya nywele ngumu kidevuni. Kumbe huzinyoa kila asubuhi kabla watoto hawajaamka, na mambo hayo yana miaka kumi. Wa pili hakuwa na kishina hata kimoja. Uso wake ulikuwa umegeuka mviringo, barakoa ya mwaka uliopita haimwenei tena, na mashavuni zimeota nywele laini nyingi kama za mtoto mchanga. Jioni wote wawili walikuja dispansere, kila mmoja kwa saa yake, wakipitia mlango wa nyuma.

Kwa mtu anayepita njiani hao wana shida moja. Kwa munganga ni shida mbili mbalimbali, na mmoja wao alikuwa katika hatari ya kufa bila kujua.

Tuanze na mwili wenyewe. Ngozi ya uso wa mama ina mashimo ya nywele mengi kama ya baba. Tofauti ni aina ya nywele inayotoka humo: kwa mama hutoka zile fupi, laini, zisizo na rangi, ambazo wazee wa pwani huziita malaika. Homoni za kiume, hasa testosteroni, zikizidi, shimo lilelile huanza kutoa unywele mnene na mweusi. Msishangae kusikia homoni ya kiume ndani ya mwanamke. Kila mama anayo kidogo, na inatengenezwa na ovari, yaani vifuko viwili vya mayai, pamoja na vitezi viwili vinavyokaa juu ya figo. Ikipanda, nywele hufuata njia ya ndevu: juu ya mdomo, kidevuni, katikati ya kifua, chini ya kitovu, mgongoni. Nywele nyingi za mikononi na miguuni peke yake hazituambii kitu. Hizo mara nyingi ni za ukoo.

Sababu ya kwanza kwa wingi, tena kwa mbali, ni ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Waganga Stein na Leventhal wa Chicago, Marekani, waliuandika mwaka 1935 baada ya kuwaona wanawake saba. Shirika la Afya Duniani linasema unawapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa, na kwamba wenye ugonjwa huu wasiojua kuwa wanao wanaweza kufika 70 katika kila 100. Basi mama wa kidevu asidhani yuko peke yake katika mji mzima.

Ugonjwa unafanya kazi hivi. Kila mwezi ovari hukuza mayai kadhaa ndani ya vifuko vidogo, moja likakomaa na kutoka. Kwa mama huyu vifuko vinaanza kukua halafu vinasimama njiani, yai halitoki, na ovari inabaki ikitengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mara nyingi insulini nayo inaingia. Hiyo ni homoni inayopeleka sukari kwenye nyama za mwili. Mwili ukiwa mzito kuisikia, unatoa insulini nyingi zaidi, na insulini nyingi inaichochea ovari. Ndiyo maana wengi wao wana tumbo kubwa, chunusi, ngozi nyeusi iliyokunjamana nyuma ya shingo, na baadaye diabeti. Lakini hata mama mwembamba anaweza kuwa nao.

Siku za mwezi zinachelewa, zinaruka miezi, au zinakoma. Hapo ndipo mambo ya nyumbani yanapoharibika. Mume anangoja mtoto, mama mkwe anahesabu miaka, jirani ameona zile nywele na kuanza kunong'ona juu ya uchawi, na mwanamke anarudishwa kwao. Wengine, kinyume chake, husema mama mwenye ndevu ni bahati, ataleta mali. Mimi maneno yote mawili siyapendi, kwa sababu yote yanamzuia asije dispansere. Kukosa kutoa yai ni sababu ya utasa inayotibika kuliko nyingine nyingi. Ziko dawa za kuamsha ovari, kama letrozoli na klomifeni, na kwa mwenye uzito mwingi, kupunguza hata kilo tano katika mia huweza kuzirudisha siku za mwezi. Tena mama anayekaa miezi mingi bila kuona siku zake asiseme amepumzika. Ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi inanenepa bila kutoka, na baada ya miaka inaweza kugeuka kansa.

Neno juu ya gharama, kwa maana ninajua mifuko yetu. Mwaka 2003 waganga walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakakubaliana kwamba alama mbili kati ya tatu zinatosha: siku za mwezi zisizo na mpango, homoni za kiume kuzidi (zinazoonekana kwa nywele au kwa damu), na vifuko vingi kwenye ekografi. Munganga anapaswa kwanza kuondoa magonjwa mengine yanayofanana, kama ya tezi ya shingo, lakini mwenye zile alama mbili za kwanza hahitaji kuuza mbuzi kwa ajili ya ekografi.

Si kila kidevu ni ugonjwa. Mama aliyekoma hedhi huota nywele mbili tatu kwa sababu homoni za kike zimeshuka. Wako pia wenye siku nzuri na damu nzuri, ngozi yao tu inasikia homoni kidogo kwa nguvu, kama ilivyokuwa kwa mama zao. Lakini nywele zilizotokea ghafula, kwa miezi michache, pamoja na sauti kuwa nzito, upara kwenye pembe za kichwa au maziwa kusinyaa, hizo zisingojee mwisho wa mwezi. Huenda ni uvimbe kwenye ovari au kwenye vile vitezi vya juu ya figo, na mgonjwa aende hospitali kubwa wiki hiyohiyo.

Sasa tumrudie mama wa pili.

Nilimwuliza siku za mwezi, akasema ziko hivi hivi. Nikamwuliza anakunywa nini. Kimya. Mwishoni akafungua kitambaa chake akatoa vidonge vidogo bila sanduku: deksametasoni. Aliambiwa ni vya kunenepa. Alivinunua kimoja kimoja miezi minane, na kwa kweli alinenepa, shangazi zake wakamsifu. Desturi hii inajulikana sana katika nchi yetu, Kinshasa ikiwa ya mbele, na watu huchanganya dawa hiyo na nyingine ya kuleta njaa.

Deksametasoni ni ya ukoo wa kotizoni. Kotizoni ni homoni ambayo vile vitezi vya juu ya figo hutengeneza kila asubuhi. Ukiileta kutoka nje kila siku, uso unajaa kama mwezi, tumbo linakua huku mikono na miguu ikikonda, ngozi inapasuka mistari, sukari na presha zinapanda, na nywele laini zinaenea usoni. Mafuta makali ya kujichubua yenye klobetasoli ni ya ukoo uleule. Yakipakwa usoni muda mrefu, nywele huota palepale, na yakipakwa mwili mzima yanaingia hata kwenye damu.

Nywele ndizo ndogo katika hayo yote. Vitezi vikiona kazi yao imefanywa na kidonge, vinalala. Baada ya majuma machache tu vimelala kweli. Mtu akiacha dawa ghafula, au akivunjika mguu, akipasuliwa, au akipata malaria kali, mwili unaomba kotizoni na hakuna anayejibu. Presha inaanguka, anatapika, anazimia, na anaweza kufa wakati waganga wanatafuta sababu nyingine. Kwa hiyo ninyi mnaokunywa vidonge hivyo, msiviache leo kwa sababu mmesoma somo hili. Njooni navyo. Munganga atavipunguza kidogo kidogo, kwa majuma au miezi. Na siku ya ajali, mwenzako anayekubeba ajue la kumwambia mpasuaji: huyu anakunywa kotizoni.

Tena iko kifua kikuu. Vumbi la mawe yenye silika linaharibu mapafu na kukiitia kifua kikuu njia. Kotizoni inawalaza askari wa mwili wanaokizuia. Mtu wa kusaga mawe anayekunywa vidonge vya kunenepa amefungua milango yote miwili.

Kuhusu kutoa nywele, kunyoa hakuzifanyi kuwa nyingi wala nene. Unywele uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana unachoma mkono. Mama anyoe bila hofu, ila wembe uwe wake peke yake. Wembe wa kuazimana unapitisha sida na homa ya ini ya B. Kung'oa kidevuni kila siku kunaleta vipele na makovu. Dawa za kushusha homoni zipo: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, kwa wasio na presha kubwa na wasiovuta sigara, na spironolaktoni, ambayo ni mwiko kwa mwenye mimba kwani inaweza kumwumiza mtoto wa kiume tumboni. Zote zinataka subira ya miezi sita kabla ya kuona kitu, kwa sababu shimo lililozoea kutoa unywele mnene halisahau upesi. Wengi huacha mwezi wa pili, wakisema munganga amewadanganya.

Iko dawa nyingine yenye historia ya kwetu. Eflornitini ilikubaliwa mwaka 1990 kuponya ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na nchi yetu ndiyo yenye wagonjwa wengi kuliko zote. Kwa kuwa wagonjwa ni maskini, kiwanda kiliacha kuitengeneza. Halafu ikaonekana kwamba ikipakwa usoni inachelewesha nywele kuota, na mwaka 2000 Marekani ikaruhusu mafuta yake kwa ajili ya wanawake. Kelele zikapigwa: kwa kidevu ipo, kwa anayekufa haipo? Mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikapatana na Shirika la Afya Duniani, na dawa ikarudi kwa wagonjwa wa Kongo.

Mama wa kwanza sasa ananyoa kwa wembe wake kabla ya kazi, barakoa yake haivuji, na ameanza vidonge mwezi wa tatu. Wa pili bado anapunguza. Tumemwondoa kwenye vumbi mpaka makohozi yake yapimwe na apate barakoa ya kipimo kipya. Anayetaka kuuliza aje dispansere saa yoyote ya kazi, kwa mlango wa mbele au wa nyuma, na alete pakiti za vyote anavyokunywa na kujipaka, hata zisizo na jina.