Jokofu la Dukani Linapogandisha Kupita Kiasi

Malengo
Baada ya somo hili uweze: (a) kueleza jinsi jokofu linavyojiwasha na kujizima, (b) kutaja sababu za jokofu kuzidisha baridi, (c) kupanga hatua za kutafuta hitilafu.

Kisa cha kuanzia
Mama mmoja ana duka la vinywaji jirani na shule ninayofundisha. Asubuhi moja alikuta maziwa yamekuwa barafu na chupa mbili za soda zimepasuka, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Kompresa ilikuwa imenguruma usiku kucha, na uniti za LUKU zimeteketea. Fundi akamwambia, "Gesi imepungua, Mama. Tuongeze." Je, ungemshauri alipe? Usijibu bado.

Jokofu hujuaje wakati wa kusimama?
Kompresa husukuma gesi inayofyonza joto ndani ya jokofu na kulitoa nje. Inayoiamuru kuwaka na kuzima ni themostati. Katika majokofu mengi, themostati ina mrija mwembamba ulioziba, wenye gesi ndani yake. Ncha ya mrija huo huwekwa mahali penye baridi. Joto likishuka, kanieneo ndani ya mrija hushuka, swichi huachia na kompresa huzima. Joto likipanda, kanieneo hupanda, swichi hushika na kompresa huwaka tena.

Zingatia: jokofu linalogandisha kila kitu lina nguvu ya kutosha ya kupooza. Kilichokosekana ni amri ya kusimama. Gesi ya kupooza ikipungua, kwa kawaida vitu hukosa baridi ya kutosha.

Sababu kuu
1. *Kitufe kimewekwa juu mno.* Katika majokofu mengi namba kubwa humaanisha baridi zaidi, si joto zaidi.
2. *Ncha ya themostati imechomoka.* Ikikaa penye joto, "hudanganya" kwamba jokofu bado lina joto.
3. *Swichi ya themostati imenasa.* Vyuma vyake vimeungua na kushikamana, hivyo umeme haukatiki.
4. *Bidhaa zimepangwa vibaya.* Zikiziba matundu ya hewa, msafara wa hewa huvurugika: za nyuma huganda, za mbele hubaki na joto.
5. *Raba ya mlango imechakaa.* Hewa ya joto huingia, kompresa hufanya kazi muda mrefu, na vitu vilivyo karibu na koili ya baridi huganda.

Hatua za uchunguzi
Anza na lisilo na gharama, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili, hutajua kipi kilitibu.

*Hatua ya 1:* Pima. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, kwa saa kadhaa. Maji hayabadiliki haraka kama hewa mlango unapofunguliwa. Kwa maziwa na vyakula, lenga kati ya 1°C na 4°C.

*Hatua ya 2:* Rudisha kitufe katikati, kisha subiri siku nzima.

*Hatua ya 3:* Ondoa bidhaa zilizoziba matundu. Bana karatasi mlangoni na uivute; ikitoka bila kushikwa, raba imelegea.

*Hatua ya 4:* Zungusha kitufe hadi sifuri. Kompresa ikiendelea kunguruma, shuku swichi iliyonasa. Ikizima, swichi inaachia. Sasa shuku ncha.

*Hatua ya 5:* Chomoa plagi, kisha kagua ncha kama imekaa kwenye kibano chake.

Tahadhari: Kazi ya nyaya na gesi mwachie fundi. Majokofu mengi mapya hutumia gesi inayoshika moto, kwa hiyo usikwangue barafu kwa kisu.

Turudi dukani
Kitufe cha Mama kilikuwa katikati, na raba ilishika karatasi vizuri. Kilipozungushwa hadi sifuri, kompresa ilizima. Basi swichi ilikuwa nzima. Plagi ilipochomolewa, ncha ilikutwa imetoka kwenye kibano, imelalia upande wa mlangoni. Ilirudishwa mahali pake, na siku iliyofuata maziwa yalikuwa maziwa. Mama hakulipia gesi.

Kosa la kuepuka
Wanafunzi wangu wengi huandika "badilisha themostati" na kuishia hapo. Hilo ni kubahatisha. Andika mambo matatu: dalili, sababu inayoshukiwa, na jaribio linaloithibitisha.

Maswali ya marudio
1. Kwa nini kuongeza gesi ya kupooza si jibu la kwanza kwa jokofu linalogandisha kila kitu?
2. Soda za nyuma zimeganda, za mlangoni zina joto. Taja sababu mbili zinazowezekana na jaribio la kila moja.
3. Mrija wa themostati umetoboka na gesi yake imetoka yote. Je, jokofu litazidi kugandisha? Eleza.

Mwongozo wa swali la 3
Hapana. Gesi ikitoka, kanieneo ndani ya mrija hushuka, kana kwamba kuna baridi kali. Swichi huachia na kubaki hivyo, kompresa haiwaki, na jokofu huacha kupooza. Ukilijibu hili bila kuchungulia, umeelewa somo.