Sukari Inaposhuka Njiani: kwa kaya yenye mtu wa kisukari aina ya kwanza

Chukua mfano huu. Saa kumi jioni binti wa darasa la saba anashuka kutoka kwao Kibosho kwenda kukata majani ya ng'ombe. Kushuka si kazi, anaenda akiimba. Saa kumi na moja na nusu anapandisha na mzigo kichwani. Kwenye kona ya tatu haitikii salamu. Jasho jembamba linamtoka ilhali baridi ya msituni imeshaanza kuteremka. Anaketi ukingoni mwa mfongo, na mama anayepita anampa pole ya uchovu. Lakini huo si uchovu, ni sukari imeshuka.

Sisi wa huku mlimani tuna tabia ya kuhesabu safari kwa kushuka kwake: dukani ni hapo tu, mtoni ni hapo tu. Mwenye kisukari aina ya kwanza ahesabu mpandisho wa kurudi, kwa kuwa huko ndiko sukari yake inakoishia. Na mazoezi si mbio na mpira peke yake. Kulima kihamba, kubeba mkungu wa ndizi, kuchuma kahawa kutwa na kupanda kwenda shule, yote hayo ni mazoezi.

Kwa nini inashuka

Misuli ikifanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu kwa kasi. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini papo hapo na ini huachia akiba yake. Mwenye kisukari aina ya kwanza anategemea insulini ya sindano, na ikishaingia chini ya ngozi hairudi kwenye chupa. Itaendelea kushusha sukari, awe amekaa kivulini au anapanda mlima. Wanaotumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni wakumbuke kwamba ile ya asubuhi bado ina nguvu alasiri, saa zilezile za mpira na za majani ya ng'ombe. Tena akichoma pajani kisha akakimbia, insulini huingia mwilini haraka zaidi. Siku kama hiyo ni heri achome tumboni.

Tunawaomba wazazi msimfungie mtoto ndani kwa hofu. Mazoezi yanaujenga moyo na mwili wake kama wa mtoto mwingine yeyote. Acheze, ila kwa maandalizi.

Kabla ya kutoka

Apime sukari kwa mashine. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), asianze. Anywe kitu cha sukari, asubiri, apime tena. Kati ya 5 na 7, ale ndizi mbivu moja. Kati ya 7 na 10 ndipo pazuri pa kuanzia. Ikizidi 15, apime ketoni kwenye mkojo. Zikiwepo, mazoezi yasubiri na aende kituo cha afya. Shughuli ikichukua muda mrefu apime kila nusu saa, na akishindwa kupima ale kitu kidogo njiani. Kupunguza dozi siku ya kazi nzito kunawezekana, lakini mpange na kliniki mnakohudhuria, iwe KCMC, Mawenzi au kwingineko. Kuacha insulini kabisa ni hatari, hata kwa siku moja.

Kisha sukari ya akiba. Kikopo kitupu cha vidonge, kikisafishwa na kukaushwa, hubeba vijiko vitatu vya chai vya sukari au glukosi ya dukani. Kikae mfukoni mwa kaptula. Kikiwa kwenye begi lililoachwa nje ya uwanja, hakitamsaidia kitu.

Ikishashuka

Dalili ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kizunguzungu, kuona ukungu, hasira zisizo na sababu, maneno yasiyoeleweka. Kipimo chini ya 3.9 kinathibitisha. Stripu za mashine zikiwa zimekwisha, msisubiri kuthibitisha: mtibuni kama mtu ambaye sukari imeshuka.

Asimame palepale, atue mzigo. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja cha chakula cha asali. Mtoto wa chini ya miaka 5 apewe kijiko kimoja hadi viwili vya chai vya sukari. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapa. Maziwa na mtori ni chakula kizuri, ila vinachelewa. Baada ya dakika 15 pimeni tena. Ikiwa bado chini, rudieni. Ikipanda, ale chakula cha kukaa tumboni, kiporo cha kiburu au mkate.

Huenda akakataa, akakusukuma au kukutukana. Usikasirike wala usimwache peke yake, maana ubongo wake umekosa sukari.

Akipoteza fahamu au akipata degedege, msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu. Kama nyumbani kuna sindano ya glukagoni, mchomeni. Kama haipo, pakeni asali kidogo sana ndani ya shavu la chini huku usafiri unatafutwa. Msimchome insulini. Nendeni hospitali hata akizinduka njiani.

Mbege na mlima

Pombe hulizuia ini kuachia sukari yake. Mtu aliyelima kutwa kisha akanywa mbege bila kula yuko hatarini, na wenzake kilabuni watamwona akiyumba wakasema amelewa. Wenzake hao waambiwe mapema.

Wapo wenye kisukari aina ya kwanza waliopanda Kilimanjaro. Msafara wa Shirikisho la Kisukari la Ireland uliandikiwa ripoti ya kitabibu mwaka 2001. Kijana anayefanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni ajue kwamba juu kule mashine hudanganya kwa baridi, na insulini iliyoganda ni ya kutupwa. Vyote viwili avivae ndani ya nguo, karibu na ngozi.

Usiku

Familia nyingi husahau hapa. Misuli iliyofanya kazi mchana huendelea kurudisha akiba yake, na sukari inaweza kushuka hata saa 24 baadaye. Siku ya mashindano ya shule, au ya Kilimanjaro Marathon na mpandisho wake wa Mweka, apime kabla ya kulala na asilale bila kula. Anayelala naye chumba kimoja, hata kama ni bibi au mdogo wake, afundishwe: ukisikia anaweweseka, au ukigusa shuka ukakuta limelowa jasho, mwamshe, washa taa, lete sukari.