Busta Haizalishi Mtandao: Hesabu ya Antena na Kebo Kabla Hamjachanga

Kila bumu likitoka, kuna geto ambalo watu wake wanachangishana kununua busta ya simu. Sababu inaeleweka: mwisho wa kutuma asaimenti ni saa sita usiku, uani mtandao unashika, chumbani simu inaandika hakuna huduma. Shida ni kwamba pesa karibu yote inaishia kwenye mashine, halafu chenji ndiyo inanunua kebo. Fizikia inataka tuanze na antena na kebo.

Busta inafanya nini hasa?

Mfumo una sehemu nne. Antena ya nje inadaka mawimbi ya mnara, kebo inayashusha, mashine inayakuza, antena ya ndani inayasambaza chumbani. Simu yako ikituma, safari inageuka. Kwa hiyo busta inakuza kile kilichofika tu. Kikifika kelele, itakuza kelele.

Ndiyo maana pima kwanza, na kupima ni bure. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, Kuhusu Simu, kisha hali ya laini, utaona namba hasi yenye dBm. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -115 ni hoi. Ikipanda kwa 3, nguvu imekuwa mara mbili. Ikipanda kwa 10, mara kumi.

Pima chumbani, kisha nje mahali pa juu. Chumbani -118 na nje -90? Adui ni bati na nondo za ukutani, hapo antena itasaidia. Nje nako -118? Hakuna cha maana cha kukuza. Nje -80 lakini usiku mtandao unakwama? Mnara umezidiwa na watu, na busta haipunguzi foleni.

Kebo inakula

Kebo nyembamba aina ya RG-58, kwenye masafa ya 900 MHz, inapoteza kama desibeli 0.5 kila mita. Mita 10 ni desibeli 5, yaani chini ya theluthi moja ya nguvu ndiyo inayofika. Mita 20 ni desibeli 10, inabaki sehemu moja ya kumi. Kebo nene ya LMR-400 inapoteza kama 0.13 kwa mita, hivyo kwa mita 10 karibu robo tatu inafika. Kwenye 1800 MHz hasara ni kubwa zaidi kwa kebo zote mbili.

Mtu atauliza, si busta itarudisha kilichopotea? Hairudishi. Mawimbi yakishadhoofika mpaka kukaribia kelele, mashine inavikuza vyote viwili pamoja. Kwa hiyo nunua kebo nene, fupi kadiri inavyowezekana, yenye ohm zilezile zilizoandikwa kwenye mashine. Kebo ya king'amuzi ni ya ohm 75, na busta nyingi zinataka 50. Angalia kabla ya kulipa.

Kupandisha antena

1. Omba ruhusa ya mwenye nyumba. Chagua mahali ambapo nguzo hata ikianguka haifiki kwenye nyaya za umeme. Usipande peke yako, wala wakati wa mvua.

2. Antena ya Yagi, ile yenye miba kama mifupa ya samaki iliyobuniwa Japani miaka ya 1920, inasikia upande mmoja. Ielekeze mnara ulipo.

3. Kebo isikunjwe kona kali. Kabla haijaingia ukutani, iache ishuke kidogo kisha ipande, ili maji ya mvua yadondokee nje. Viungo vya nje vifungwe kwa tepu ya mpira isiyopitisha maji.

4. Nguzo iunganishwe na waya wa ethi, na kebo iwekewe kinga ya radi. Hapa mwiteni fundi umeme, msijaribu wenyewe.

5. Unganisha antena zote mbili ndipo uwashe mashine. Kisha mmoja azungushe antena kidogo kidogo, mwingine asome dBm chumbani, mkisubiri nusu dakika kila mara.

Maiki na spika

Unajua maiki ikisogezwa karibu na spika inavyopiga kelele ukumbini. Busta nayo iko hivyo. Yenye ukuzaji wa desibeli 60 inakuza mara milioni moja. Antena ya ndani ikisikika na ya nje, mawimbi yanazunguka yakijikuza. Mashine nzuri inajipunguza au kujizima. Ya bei chee inaendelea kurusha kelele mpaka mnarani. Anayeumia si wewe peke yako, ni hosteli ya jirani na yule anayepiga simu ya dharura. Tenganisheni antena hizo kadiri mnavyoweza, na ukuta au bati liwe katikati.

Hii ndiyo sababu masafa ya simu hutolewa kwa leseni, na vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Ulizeni kampuni ya laini yenu kabla ya kununua.

Na kama shida yenu ni intaneti tu, kuna njia nyepesi: ruta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje. Haina mzunguko wa kupiga kelele, na hesabu ya kebo ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kuchanga hata mia, mtu mmoja atoke na simu akasome dBm.