Kijana Anapoitwa Kwenye Usaili



Katika Mtaa wetu wako vijana waliomaliza vyuo vya ualimu miaka mingi sasa, na bado wako nyumbani. Zamani mwalimu mpya hakuhojiwa na mtu. Alimaliza chuo, akapangiwa kituo, akafunga sanduku lake akaenda. Siku hizi sivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu kwa maelfu waliitwa mikoani kufanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Somo hili ni kwa ajili ya vijana hao, na kwa wazazi pia, maana mara nyingi mzazi ndiye atoaye nauli.

Karatasi kwanza, nasi tusikawie hapo. Tangazo la usaili hutaja vitu vya kuchukua: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na vyeti halisi vya masomo tangu kidato cha nne. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi. Tazama majina yako kwenye vyeti vyote. Ikiwa kimoja kinasema Yohana na kingine John, nenda kwa wakili mapema, usingoje kurudishwa mlangoni.

Kisha uko mtihani wa kuandika, ambao kazi yake ni kuchuja. Hapa naona vijana wengi hudanganywa na madaftari yao ya chuo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitolewa upya kwa toleo la 2023, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Aliyemaliza mwaka 2016 hakufundishwa hayo. Basi mwendee mwalimu aliye kazini, azima muhtasari mpya wa somo lako, usome mpaka uweze kueleza kilichobadilika.

Wanaofaulu mchujo huitwa mbele ya wasaili. Ingia, amkia wote, ngoja uambiwe keti. Nguo iwe safi na ikutoshe. Suti ya kuazima inayoning'inia mabegani haimsaidii mtu. Swali la kwanza karibu siku zote ni hili: "Tueleze habari zako." Kijana hujibu, "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninajituma." Lakini wasaili wamekwisha kusikia maneno hayo tangu asubuhi, na kila mtu aweza kuyasema, hata mvivu.

Sema jambo ulilolitenda. Katika mazoezi ya kufundisha ulipewa darasa la wanafunzi themanini na vitabu sita: uliwagawaje? Mtoto aliyekuwa hajui kusoma ulimwanzia wapi, na baada ya majuma manane alifika wapi? Jibu la namna hiyo lisizidi dakika mbili, nalo litamfanya msaili ainue kichwa kutoka kwenye karatasi yake. Ni kama andalio la somo: asiye na mfano mkononi hujaza kipindi kwa maneno.

Sasa nifike kwenye swali linalowatoa vijana jasho. "Tangu umalize chuo umekuwa ukifanya nini?" Wengine huinama kwa aibu, wengine hutunga shule ambayo hawakufundisha kamwe. Msitunge. Swali la pili litauliza jina la mwalimu mkuu. Kama umeendesha bodaboda, sema umeendesha bodaboda, na jinsi ulivyotunza hesabu ya kila siku. Kama umeuza maandazi, sema. Kama umefundisha watoto wa Shule ya Jumapili kwa miaka minne, hiyo ni kazi ya ualimu kabisa. Eleza walikuwa wangapi, wa umri gani, uliwafundisha kwa zana gani. Sioni aibu yoyote katika kula kwa jasho lako wakati unangoja, na wazazi tuache kuwaambia majirani kwamba mtoto "yupo yupo tu". Maneno hayo huingia naye chumbani siku ya usaili.

Usilolijua, sema, "Samahani, hilo silifahamu," kisha nyamaza. Kubahatisha kwa sauti kubwa huharibu hata majibu mema yaliyotangulia.

Mwisho, jizoezeni kwa mdomo. Waombeni wazee watatu waketi nyuma ya meza, nanyi mwingie mmoja mmoja kutoka nje, mwingine akishika saa. Walimu wastaafu tupo Mtaani na hatutozi ada. Anzeni na maswali haya:

Taja mtoto mmoja uliyemfundisha akaelewa. Ulijuaje kwamba ameelewa?

Mzazi amekuja shuleni kwa hasira mbele ya darasa lako. Utafanya nini kwanza?

Umepangiwa kijijini, hakuna nyumba ya mwalimu. Utaishije mwezi wa kwanza?