SOMO KWA MAKATIBU: MASHINE NDOGO YA KUKATA VINILI NA DOSARI ZAKE

Chama cha msingi kinachotia alama magunia yake chenyewe, kubandika nambari kwenye ndoo za mizani na kuandika bango la ofisi bila kumwita fundi kutoka mjini, huokoa fedha za wanachama. Kwa kazi hizo mashine ndogo ya kukata vinili yaweza kukifaa chama, ingawa ilibuniwa kwa ajili ya watu wapendao kazi za mikono nyumbani. Mashine za namna hii, kama vile Cricut na Silhouette, aghalabu hukata upana wa sentimita 30 hivi, na upana huo watosha kabisa kwa nambari na herufi za gunia. Lakini mashine ikifungiwa kabatini kwa sababu kazi ya kwanza iliharibika, fedha hizo zimepotea, na katika mkutano mkuu katibu ndiye atakayeulizwa.

Yafaa kwanza kuelewa jinsi mashine inavyofanya kazi. Haitumii wino. Kisu kidogo chenye ncha iliyochongwa mshazari hukokotwa juu ya vinili, nacho hugeuka chenyewe kufuata mstari uliochorwa katika kompyuta. Vinili ni tabaka jembamba la plastiki lenye gundi, lililolazwa juu ya karatasi laini isiyoshika gundi. Ile ya kawaida ya mabango ina unene wa karibu milimita 0.08. Kisu chatakiwa kukata tabaka hilo peke yake na kuiacha karatasi ya chini ikiwa nzima.

Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mtu asiyeizoea mashine, akiona herufi hazibanduki, huongeza nguvu ya kukandamiza. Zisipobanduka bado, huongeza tena. Baada ya siku chache karatasi ya chini inapasuka, kona za herufi zinararuka, mkeka wa kukatia unajaa mikwaruzo na ncha ya kisu inavunjika, kisha mashine yenyewe ndiyo inayolaumiwa. Urefu wa kisu ni jambo moja na nguvu ya kukandamiza ni jambo jingine, na urefu ndio unaotangulia. Kisu kitokeze kiasi cha kupita katika vinili na kuigusa tu karatasi. Katika mashine ambazo urefu hupangwa kwa mkono, kishikio cha kisu kitolewe, kishikwe kama kalamu, na mstari uchorwe juu ya kipande cha vinili kwa kukandamiza kiasi. Kisu kikitokea upande wa pili wa karatasi, kirudishwe ndani kidogo. Urefu ukisha kuwa sawa, ndipo nguvu iongezwe hatua kwa hatua.

Kila kazi ianze na jaribio, hata kama vinili ni ile ile ya jana. Mraba wa sentimita mbili wenye duara ndani yake ukatwe pembeni mwa vinili, kisha ubanduliwe kwa ukucha. Jaribio zuri huacha ukwaruzo hafifu juu ya karatasi, usioweza kuhisiwa kwa kidole upande wa nyuma.

Jaribio baya nalo lina habari zake. Mraba ukibanduka pamoja na vinili inayouzunguka, kisu hakijapenya. Kona zikiwa za mviringo au zikiota vipembe, kipimo cha kufidia kisu hakiko sawa: ncha ya kisu haikai katikati ya mhimili wake bali huwa pembeni kidogo, aghalabu robo ya milimita, na programu hurekebisha tofauti hiyo. Kipimo kikipungua kona huviringika, kikizidi huota vipembe. Duara lisipofunga, huenda vinili imeteleza katika magurudumu yake, au mabaki ya plastiki yameingia katika kishikio na kisu hakigeuki vyema. Kishikio kifunguliwe na kusafishwa. Dosari hii haigharimu hata senti moja, lakini wengi huagiza kisu kipya kabla ya kutazama humo. Mstari ukirukwa mahali pale pale kila mara, utepe au mkeka ulio chini ya kisu umechimbika na wahitaji kubadilishwa. Na herufi ndogo zikiraruka hali kisu ni kikali, mwendo upunguzwe.

Magunia yana somo lake. Vinili haishiki juu ya gunia la juti, kwa hiyo kinachokatwa ni stensili ya plastiki ngumu kidogo, ambayo hupakwa wino juu yake. Makatibu wa zamani walilijua neno stensili kwa mashine ya kurudufu. Hii ya gunia ni bamba lenye matundu ya herufi. Plastiki ya unene wa milimita 0.2 ikatwe kwa kupitisha kisu mara mbili au tatu kwa nguvu ya wastani, wala si mara moja kwa nguvu zote.

Hatari kubwa iko katika nambari. Sehemu ya ndani ya 0, 6, 8 na 9 hudondoka mara tu inapokatwa, isipoachiwa vishikizo vyembamba vya kuiunganisha na bamba. Bila vishikizo hivyo nambari huwa doa la wino. Shehena nambari 86 ikisomwa 88 ghalani, kahawa ya chama yaweza kuhesabiwa katika daraja lisilo lake, na tofauti ya bei ikawaendea wasioilima. Katibu achague herufi zilizochorwa tayari na vishikizo, au avichore mwenyewe, kisha apige alama moja juu ya gunia kuukuu na kumpa mtu asiyeijua nambari hiyo aisome. Wino uwe kidogo, nao ugongwegongwe kwa brashi karibu kavu. Brashi ikisuguliwa, wino hupenya chini ya bamba.

Kwa bango na ndoo, mahali pa kubandika pafutwe mafuta na vumbi kwa spiriti, na rangi mpya iachwe ikauke kabisa kwa siku kadhaa. Herufi huinuliwa kwa karatasi ya kuhamishia, zikasuguliwa kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda nje, kisha karatasi hiyo huvutwa kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe. Milimani, asubuhi ya baridi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, gundi haishiki vyema, basi kazi ingoje jua. Kwenye joto la pwani kuna shida ya kinyume: gundi hulainika na mikato hushikana tena, hivyo mabaki yabanduliwe siku ile ile ya kukata. Vinili ya nguo hukatwa herufi zikiwa zimegeuzwa kama katika kioo. Atakayesahau hilo atatupa fulana.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi hupoteza mahali zilipoanzia. Kujaribu kuendelea huharibu kipande kizima, kwa hiyo kazi ianzwe upya pembeni.

Daftari likae pamoja na mashine. Humo kuandikwe aina ya vinili, urefu wa kisu, nguvu, mwendo, kazi iliyofanywa na tarehe kisu kilipobadilishwa. Katibu akiwa likizo, karani ataanza na vipimo vilivyokwisha jaribiwa, na mweka hazina ataona mita ngapi zimetumika na kwa kazi gani.